Waliolala Kichakani

Tangu avuke mpaka, Godelive hakuwa amelala usingizi wa kweli. Alifumba macho, akasikia jirani akikohoa upande wa pili wa ukuta, akasikia mtoto wa watu akilia, akafumbua macho, kumbe kumekucha. Chumba alichopewa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kilikuwa cha jela ya zamani. Walikigawa kwa mablanketi, yeye akapata pembe yenye tundu dogo la hewa juu, na mwanga wa tundu lile ulitembea ukutani mchana kutwa, taratibu, mpaka ukafifia. Siku nyingi alikaa akiutazama tu. Mchana ulikuwa unampita hivyo, wala haumgusi.

Alikuwa na miaka thelathini na minane. Kwao ni Rumonge, Burundi, kando ya ziwa, kwenye michikichi. Kule alikuwa mwandishi wa parokia, maana mwandiko wake ulisifiwa tangu shuleni. Aliandika vitabu vitatu: cha waliobatizwa, cha waliooana, na cha waliokufa. Mtoto hakujaaliwa. Mume alikuwa naye, Havyarimana, dereva wa mawese. Mwezi wa kumi mwaka wa tisini na tatu Havyarimana alipakia mapipa kupeleka Bujumbura, nchi ikachafuka akiwa njiani. Hakurudi yeye, gari halikurudi, wala pipa hata moja. Watu walimshauri Godelive amwandike kwenye kitabu cha tatu ili misa isomwe. Alikataa. Hakuwa amewahi kumwandika mtu ambaye hakuna aliyemwona akizikwa.

Basi siku moja ya Agosti, mwaka wa tisini na tano, alitoka kutafuta kuni. Karibu na kambi vijiti vilikwisha zamani, ikabidi kwenda mbali, kupita mashamba yaliyovunwa ambako mabua ya mahindi yalikuwa yakilia kwa upepo. Alitembea mpaka hakusikia tena sauti ya kambi. Ndipo akakiona kichaka. Nchi yote ilikuwa ya rangi ya nyasi kavu, na katikati yake miti imesimama mizito, ya kijani kibichi, imekumbatiana. Hakushangaa kwa nini hakuna aliyeikata. Alikuwa amechoka, na pale pana kivuli.

Ndani palikuwa baridi kama ndani ya kanisa kabla watu hawajaja. Majani makavu yalikuwa mengi hata mguu haukutoa sauti. Aliona vijilima vidogo, virefu kiasi cha mtu, vingine vimekaribia kusawazika na ardhi. Juu yake kulikuwa na vyungu vilivyopinduliwa vyenye matundu chini, sahani ya bati iliyotobolewa, kikombe kisicho na mkono. Alijua pale ni mahali gani. Alijua pia kwamba angetakiwa kutoka upesi. Badala yake aliketi, akaegemea mizizi, akasema atapumzika kidogo tu.

Akaota yuko Rumonge, kwenye meza yake ya parokia, kitabu cha tatu kiko wazi mbele yake. Watu wamepanga foleni mpaka nje, kwenye jua. Kila mmoja akifika anataja jina lake kwa upole, bila huzuni, kama mtu anayepokea unga wake, kisha anapisha mwenzake. Wino haukuisha. Aliandika, aliandika, na kila jina lilipokaa kwenye mstari kifua chake kilipungua uzito.

Alipoamka jua lilikuwa limehamia upande wa pili. Hatua chache kutoka kwake alisimama mwanamume mwenye panga, mfupi, kichwa kimeanza mvi, anamtazama kama anayetazama kitu asichokijua jina.

"Mayi," alimwita, yaani mama, kisha akauliza kwa Kiswahili cha barabarani, "nani kakuleta humu?"

"Hakuna. Mi nimekuja tu."

"Umekata mti?"

"Sikukata hata kamti kamoja, bambo," alisema, akimwita bwana kwa lugha ya wenyeji. "Nililala."

Mwanamume alitazama mikono mitupu ya Godelive, kisha kamba yake ya kuni iliyokuwa bado imekunjwa. "Eti umelala?"

"Nililala."

Jina lake Sikelo. Zamani alikuwa utingo wa malori ya kwenda Mbeya, ndiko alikookota Kiswahili. Njiani kuelekea kijijini alimweleza, bila kumgeukia, kwamba pale ni manda, makaburi ya kijiji tangu enzi za wazee wa wazee, na kwamba hakuna anayeingia bila msiba. Anayeingia bila msiba ni mchawi. Kesi yake itasikilizwa na mfumu, yaani mkuu wa kijiji.

Mfumu alikuwa mwanamke. Wenyewe walimwita NaPhiri. Walimkuta mbele ya nyumba yake akibambua karanga, maganda yamemzunguka, na hakuacha kubambua walipopiga magoti. Sikelo akatafsiri.

"Alichukua nini?"

"Hakuchukua kitu."

"Alifanya nini?"

"Anasema alilala."

NaPhiri alisimamisha mikono kwa mara ya kwanza. Alimtazama Godelive usoni muda mrefu, macho mekundu, nywele zilizokosa mafuta, kitenge kilichofungwa ovyo.

"Mchawi gani huyo anayelala?" akauliza. Watu waliokuwa wamesimama pembeni wakacheka kidogo. "Muulize usingizi ulikuwaje."

Godelive hakutegemea swali hilo. "Muzuri, mama. Tangu nitoke kwetu sijalala vile."

"Basi waliolala mle walikupokea," alisema NaPhiri, akarudi kwenye karanga zake. "Lakini usiingie tena peke yako. Ukitaka kitu humo, mwite Sikelo."

Kesi ikaisha hivyo.

Baada ya majuma mawili Godelive alirudi kijijini na bakuli la maharage ya mgao wake, aje kushukuru. Alikuta watu wamekusanyika kando ya kichaka, wanazungumza wote kwa pamoja. Ardhini palikuwa na kigingi cha mti kilichopakwa rangi nyekundu, kisha kingine mbele yake, na kingine tena, vinafuata mstari ulionyooka mpaka katikati ya miti. Mwenye shamba la tumbaku lililopakana na kijiji alikuwa ameomba kuongezewa ardhi. Barua iliyofika kwa mfumu ilisema eneo lile ni pori lisilotumika, na asiyeridhika apeleke uthibitisho ofisini Lilongwe.

"Lisilotumika!" Sikelo alipiga mguu chini. "Mama yangu yuko mle. Bibi yangu yuko mle."

"Waambie," alisema mtu.

"Nimewaambia. Wanataka karatasi. Wanasema wanaonyeshwa miti, watu hawawaoni."

Godelive alikuwa amesimama nyuma na bakuli lake. Baadaye hakukumbuka aliamua saa ngapi kusema. Alisikia sauti yake tu.

"Bambo Sikelo, mwambie mama mfumu: kwetu mi njo niliandikaka kitabu cha wafu. Nikipata daftari na kamba, nitawaandika. Mmoja mmoja."

Mfumu alikubali, na kazi ikaanza juma lile lile. Alichukua kamba ya katani, akaifunga fundo kila baada ya mita moja, akiipima kwa futi ya fundi cherehani wa kambini. Asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabua, alikuwa akiwakuta Sikelo na wanaume wawili wakimsubiri kwenye ukingo wa kichaka. Walivua viatu. Sikelo alisema maneno machache kwa Kichewa kuelekea kwenye miti, kama mtu anayebisha hodi, kisha wakaingia.

"Sisi kazi yetu ni kuchimba na kulinda," Sikelo alimweleza. "Tunaitwa adzukulu."

Godelive aliinua kichwa. "Kwetu tunasema abuzukuru. Batoto ba batoto."

"Wajukuu."

"Wajukuu," alirudia, akatabasamu, akaliandika neno hilo juu kabisa ya ukurasa wa kwanza.

Walikwenda kaburi hadi kaburi. Yeye alipima kutoka mti mmoja mkubwa uliokuwa katikati, akaandika fundo ngapi upande wa jua linapochomoza, fundo ngapi upande wa mlima. Adzukulu walitaja majina. Wakati mwingine walibishana kwa sauti ya chini: huyu ni Tembenu au ni dada yake? Wakati mwingine mmoja alisimama tu juu ya kijilima, akagusa ardhi kwa kisigino, jina likaja lenyewe. Wasilolijua walilibeba mpaka kwa NaPhiri, naye alilitafuta huku akichambua mboga au kupepeta unga, macho yako mbali, anataja mama wa mtu, mama wa mama yake, mwaka wa njaa, mwaka wa nzige, mpaka anafika.

Siku zile zilikuwa kama siku moja ndefu. Mwanga ulishuka kwa vipande kati ya majani, ukakaa juu ya vyungu, ukasogea. Ndege mmoja aliimba sauti mbili tu, juu na chini, na hawakumwona kamwe. Godelive alisahau kama ni Jumanne au Ijumaa. Kuna nyakati alipoandika aliona mkono wake kama mkono wa mtu mwingine, wa yule aliyekuwa mezani kwenye ndoto, akawa hana hakika amesimama upande gani wa usingizi. Na alikuwa akilala sasa. Akirudi kambini alijilaza kwenye pembe yake, na kikohozi cha jirani kikawa sauti ya mbali, kama jahazi la mtu mwingine linalopita.

Sehemu moja hawakumruhusu. Upande wa magharibi miti ilikuwa imebana zaidi, na kamba ilipoelekea huko Sikelo aliishika.

"Hapo hapana, mayi. Ni mambo ya wanaume na ya mizimu. Hupaswi kupajua."

Godelive akaivuta kamba nyuma. Kwenye ramani aliyokuwa akiichora katikati ya daftari aliacha nafasi nyeupe.

Waliandika makaburi mia moja na arobaini na matatu. Karibu na ukingo wa mashariki, mbali kidogo na mengine, palikuwa na moja lililofagiliwa vizuri, na mbele yake adzukulu wote watatu walitikisa kichwa. Jina hawakuwa nalo. Jioni ile Godelive alimuuliza NaPhiri.

"Huyo ni mlendo," alisema NaPhiri. "Mgeni. Mimi nilikuwa msichana. Alikuja kwa miguu kutoka kaskazini na kifurushi, lugha yake hakuna aliyeisikia. Aliketi kisimani, akaomba maji kwa mkono. Siku ya tatu akafa. Wanaume wakamchimbia, tukampa mkeka. Lakini hapakuwa na wa kumlilia. Mama yangu akasema mtu hawezi kuzikwa kimya hivi, akaketi na dada zake, wakamlilia mpaka jioni."

Sikelo alimaliza kutafsiri. Godelive alikuwa ameweka kalamu chini.

"Mulimulilia, hata jina hamukujua?"

NaPhiri aliona kama swali lenyewe ni la ajabu. "Alikuwa na mama mahali fulani. Mama yake hakuwapo. Tulikuwapo sisi."

Godelive aliinamisha uso kwenye magoti. Aliiona barabara aliyoishika Havyarimana kutoka Rumonge kwenda Bujumbura, ziwa upande mmoja, milima upande wa pili, na vijiji vyote alivyovipita mara nyingi bila kuvijua, vyenye visima na wanawake kwenye visima. Kwa miaka miwili alikuwa ameiona barabara ile tupu. NaPhiri alisogeza mkeka, akaketi karibu yake, bega kwa bega, akaendelea kupepeta.

Mgeni yule alipewa ukurasa mzima.

Safari ya Lilongwe ilikuwa mwaka uliofuata, mwezi wa tano, wakati wa tumbaku. Dereva mmoja aliyefahamiana na Sikelo tangu enzi za malori aliwachukua yeye na Godelive juu ya marobota aliyokuwa akipeleka mnadani Kanengo. Walilala chali juu ya mzigo, Godelive amekumbatia daftari, harufu tamu ya majani imewalevya, mawingu yanakwenda nao. Sikelo alisema, "Mayi, ukisinzia usidondoke." Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyekoroma.

Usiku ule Godelive alilala Mchesi kwa Charlène, fundi cherehani kutoka Bukavu aliyewahi kuwa jirani yake Dzaleka kabla ya kupata kibanda mjini. Charlène alilifungua daftari, akaona majina ya wafu, akalifunga upesi.

"Dada Godé, we unaenda na bafu ku biro ya Leta, ku serikali?"

"Naenda nabo."

"Balisha kukupatia kashe? Papiye bila kashe, bila muhuri, haiko papiye."

"Mfumu aliweka kidole. Iko hapa, na wino."

Charlène aliguna. Lakini asubuhi Godelive alikuta daftari limevishwa jalada la kitambaa cha mpira, limeshonwa pande zote kwa uzi maradufu, lisiingie maji. "Kama unaenda nabo," alisema Charlène, "wavae vizuri."

Ofisini waliketi kwenye benchi mpaka adhuhuri. Aliyewapokea mwishoni alikuwa mchora ramani, kijana mrefu mwenye penseli nyuma ya sikio, aliyeanza kwa kusema hana muda. Alifungua daftari amesimama. Akageuza ukurasa. Akavuta kiti, akaketi.

"Hizi namba ni za nini?"

"Ni mita," alisema Sikelo kwa Kichewa. "Kutoka mti wa katikati."

"Mmepima na nini?"

Godelive alitoa kamba yake. Mchora ramani aliicheka kidogo, bila ubaya, kisha akasimama, akaitandaza kutoka mlangoni mpaka dirishani, akapima tena kwa utepe wake wa chuma. Tofauti ilikuwa vidole viwili. Aliirudia. Vidole viwili. Hakucheka tena. Alichukua karatasi kubwa, akaanza kuhamisha kaburi moja baada ya jingine kwa alama ndogo, akimwuliza Sikelo majina, mpaka karatasi ikajaa watu. Wenzake wawili walikuja kusimama nyuma yake.

"Na hapa magharibi? Pako wazi. Hakuna kitu?"

Sikelo alimtazama Godelive, akamtafsiria. Ingekuwa rahisi kuchora pale vijilima kumi, kumi na tano, na hakuna ambaye angeweza kupinga. Godelive alitikisa kichwa.

"Mwambie mi sikupita pale. Sijui kilichoko. Nisichokiona siandikaki."

Mchora ramani alimsikiliza Sikelo, akafikiri. Alikuwa Mchewa pia. Aliizungushia nafasi ile mstari kwa penseli, polepole, akaandika ndani yake neno moja: manda.

Wapima ardhi walikuja Septemba. Waling'oa vigingi na kuvipigilia upya kufuata ukingo wa miti, kasoro pembe ya mashariki, ambako mwenye shamba alikuwa ameshakata na kuchoma kabla ya mvua. Makaburi saba yalibaki upande wake. Aliahidi mbele ya mfumu kwamba jembe halitapita juu yake. Msimu wa kulima ulipofika mawili yalilimwa. Godelive alikwenda na kamba, akapima kwenye matuta mapya ya tumbaku, akasimama mahali yalipokuwa, akaandika tarehe. Kaburi la mgeni lilinusurika kwa fundo sita.

Sikelo alilia kwa hasira siku ile. NaPhiri hakulia. Alisema, "Zamani yangekwenda yote, na sisi tungebaki tunabishana kama yalikuwapo."

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na saba ilikuwa zamu ya kambi. Mzee Nibigira, aliyekuwa akishona viatu karibu na bomba la maji, alifariki kwa malaria. Wakimbizi walikuwa na mahali pao pa kuzikia, kipande cha ardhi tupu nyuma ya kambi, vijiti vyenye namba, mbuzi wanapita. Godelive alikwenda na daftari jipya. Aliandika jina, kilima alikozaliwa, nani alichimba, nani alilia. Akaanza kurudi nyuma, kwa wale waliotangulia, akiuliza nyumba kwa nyumba.

Jumamosi moja alikuwa pale akipima, akamwona Sikelo anakuja na adzukulu wawili, kila mmoja amebeba mzigo wa vijiti vya kijani kichwani.

"Mfumu ametutuma," alisema Sikelo, akitua mzigo. "Anasema makaburi hayawezi kukaa uchi. Hii ni nkhadze, ya kupanda uzio. Mbuzi hawaili, na ng'ombe hawapiti."

Godelive alikata kijiti kimoja kwa ukucha. Maziwa meupe yakatoka, yakanata kidoleni. Alikinusa, akacheka, mara ya kwanza Sikelo kumsikia akicheka kwa sauti.

"Bambo, hii ni umuyenzi! Kwetu kila rugo, kila boma, limezungukwa na hii!"

"Basi unajua kupanda."

"Najua sana. Angalieni macho tu, maziwa yake yanachoma."

Watu wa kambi walianza kutoka mmoja mmoja kuja kutazama. Mjane wa Nibigira alileta jembe. Walichimba mfereji mdogo kuanzia kwenye njia, Sikelo anatangulia na kamba yenye mafundo, Godelive nyuma yake anachomeka vijiti, kimoja kwa kila hatua, anakandamiza udongo kwa kisigino. Mvua ya asubuhi ilikuwa imelainisha ardhi. Hadi jua linapinda walikuwa wamemaliza upande mmoja, na mmoja wa adzukulu akaenda kuchukua mzigo mwingine.